Kilichokuwa Tumboni Mwangu

Kwetu Kasoli mtu akilalamika tumbo, swali la kwanza ni kama amelima mpunga. Maji ya majaruba yana kichocho, na kichocho tunakijua. Shuleni walikuwa wakitupanga mstari na kumsimamisha kila mtoto kwenye fimbo yenye alama ili wajue ameze vidonge vingapi. Kwa hiyo tumbo langu lilipoanza kujaa, wakati wa palizi ya pamba, nyumbani hakuna aliyeshtuka. Mimi mwenyewe sikushtuka. Nilijua nitameza vidonge na mambo yataisha.

Vidonge nilimeza, mambo hayakuisha. Nilikuwa nikiamka shati limelowa jasho kama nimenyeshewa. Mapaja na mikono vilikuwa vinapungua, tumbo peke yake linaongezeka. Nikila matonge mawili ya ugali najisikia nimeshiba. Na nikilala chali niliweza kukigusa kitu chenyewe kwa vidole, juu kidogo ya kitovu, kigumu, kimekaa ndani kama kiazi ambacho jembe limekiruka. Nilikaa nacho bila kumwambia mtu. Nilitaka kujua jambo moja tu, kwamba hiki ni nini, na kitaniua au hakitaniua. Kuuliza ndiko kulikonishinda.

Mimi si msemaji. Nilimaliza darasa la saba bila kunyoosha mkono kwa hiari yangu. Kaka yangu ndiye mkubwa wetu, na tangu baba afariki yeye ndiye mwenye mji. Ndiye aliyekuwa akinisemea. Dukani mimi nilikuwa nanyoosha kidole, yeye anataja kitu. Nilipompenda binti mmoja wa ng'ambo ya mbuga, kaka ndiye aliyekwenda kuzungumza kwao, mimi nikabaki nje nimeshika baiskeli. Watu walinitania kwamba mdomo wangu anao kaka, nimwombe anirudishie siku ya harusi. Sikuona vibaya. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini.

Mama ndiye aliyegundua. Alinikuta nyuma ya nyumba navua shati, akaona mbavu, akaona na tumbo. Alimwendea kaka, na kesho yake kaka akanipakia kwenye pikipiki tukaenda Bariadi.

Hospitalini daktari alinipima kwanza kwa ultrasaundi. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinipaka mafuta ya baridi, akapitisha kifaa, akabonyeza hadi machozi yakanitoka. Akasema kuna vitu anaviona nyuma ya utumbo ila hewa inamzibia, kwa hiyo anataka nipigwe picha ya CT, ambayo inaonyesha tumbo kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa. Kaka aliuliza maswali yote. Mimi niliangalia ukuta.

Siku ya picha nilikwenda bila kula. Walinitoa damu wapime figo, maana dawa watakayonichoma hutolewa mwilini na figo. Kisha nikapewa chupa kubwa ya maji yaliyochanganywa na dawa, ninywe polepole, ili utumbo ujulikane kwenye picha na usidhaniwe kuwa uvimbe. Mtaalamu wa mashine alikuwa kijana mnene, mcheshi. Aliponidunga sindano mkononi sikutikisika.

"Bwana Mkimya," akasema, "hata kuguna? Wenzako hapa wanapiga kelele kabla sijafungua sindano."

Kaka akamjibu kwamba mimi hata nilipozaliwa nililia mara moja tu, kwa heshima ya mkunga. Wote wakacheka, na mimi nikacheka kidogo.

Mashine ni duara kubwa jeupe, kama tairi la trekta lililosimamishwa. Nililala nikaambiwa nipeleke mikono juu ya kichwa. Watu wakatoka, mlango mzito ukafungwa, nikaanza kuamrishwa na sauti iliyokuwa ikitoka kwenye mashine yenyewe. Vuta pumzi. Zuia. Haya, pumua. Dawa ilipoingia mkononi, joto lilishuka kutoka kooni hadi mapajani nikadhani nimejikojolea. Kijana alikuwa ameniambia mapema kwamba nitadhani hivyo, bado niliona aibu. Mdomoni nikasikia ladha kama nimelamba msumari. Nilikuwa nafikiri kwamba nyuma ya kioo cha ukutani kuna watu wanakiona kitu changu sasa hivi, na kwamba baada ya siku chache na mimi nitakijua.

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi. Daktari alifungua mlango, akaniuliza mimi kama ningependa aniambie mwenyewe au amwambie ndugu yangu. Kwetu mgonjwa hatangulii mbele. Ana mtu wake, huyo ndiye huingia na kusikiliza, kisha humletea maneno yakiwa yamepoa. Nikamwonyesha kaka kwa kidevu. Daktari akauliza tena kama nina hakika. Nikaitikia kwa kichwa.

Kaka alikaa ndani sana. Alipotoka alikuwa anajifuta uso kwa kofia yake.

"Picha ni safi," akasema. "Ni bandama tu, imevimba kwa kichocho. Twende nyumbani."

Nilifurahi hadi nikasikia njaa. Njiani nilimshika kiunoni, mgongo wake ukawa unatetemeka, nikadhani ni mashimo ya barabara.

Jumapili iliyofuata alichinjwa mbuzi. Kaka alisema ni shukrani kwa Mungu. Dada yetu alikuja na watoto wake kutoka Mwanhuzi, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Shangazi alikuja kutoka Lamadi na samaki aliowakausha mwenyewe. Katekista akaja, akasali sala ndefu kuliko za kanisani, mkono wake ukiwa kichwani pangu. Nilikalishwa kwenye kiti chenye mgongo, mimi ambaye siku zote nilikuwa nakula kwenye mkeka na watoto. Mama alinipakulia ini. Dada aliwaleta watoto wake mmoja mmoja wanisalimie, na kila mmoja aliambiwa aniangalie vizuri. Shangazi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia kama amewahi kunikosea nimsamehe. Nikasema kwa aibu kwamba hajanikosea. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, akageuka upande wa pili.

Hakuna aliyenitania siku hiyo. Hilo lilipaswa kunishtua, kwa sababu watu wa kwetu hutaniana hata msibani. Lakini nilikuwa nimeambiwa picha ni safi, na mtu aliyeambiwa hivyo kila kitu anakiona ni furaha. Nilikula, nikaomba niongezewe mchuzi.

Baada ya hapo nililelewa kama mgeni. Kuvuna pamba nilikatazwa. Kaka alininunulia shati jipya, akaniachia redio yake mchana kutwa. Mama alinipikia uji wa ulezi wenye karanga na hakunigombeza nikiuacha. Na tumbo lilizidi. Kile kitu nilichokuwa nakitafuta kwa vidole sasa sikuhitaji kukitafuta. Nikaanza kuona aibu kuumwa, maana mashine ilikwishasema hakuna kitu. Nilidhani ni uvivu umenivaa, au ni moyo wangu tu. Nikitaka kulalamika nilikuwa nakwenda nyuma ya zizi, nainama hadi maumivu yapite, kisha narudi.

Siku moja nilitapika hata chai, na miguu ikawa imevimba. Kaka alikuwa amepeleka pamba kituoni. Nikamsimamisha kijana wa bodaboda, nikamwambia mama nakwenda Bariadi kuomba vidonge vingine vya kichocho. Alisimama mlangoni kama anataka kusema jambo. Kisha akaingia ndani akaniletea kanga nijikinge na upepo.

Nilikuwa kwenye korido ya hospitali, sijajua nianzie dirisha gani, yule kijana wa mashine akatokea na kikombe cha chai.

"Bwana Mkimya. Mwanza wamekuruhusu lini?"

Nikamwambia Mwanza sijakwenda.

"Hujakwenda? Dawa umeanzia wapi sasa?"

Nikamuuliza dawa gani. Akainama, akaweka kikombe chake sakafuni katikati ya njia ya watu, akanishika bega. Hakutania tena. Alinipeleka moja kwa moja kwa daktari.

Daktari alifungua picha yangu kwenye kompyuta, akavuta kiti changu kikawa karibu na chake. Hakunificha, na hakuharakisha. Alinionyesha uti wa mgongo, mweupe. Akanionyesha figo mbili, ini, kisha bandama. Bandama ilikuwa nzuri, akasema, haina tatizo lolote. Nikadhani sikusikia vizuri. Akaweka ncha ya kalamu mbele ya uti wa mgongo, mahali palipokuwa na madonge ya kijivu yamebanana.

"Unaijua mitoki, ile inayovimba kwenye kinena? Hii ni kama mitoki, ila imeota ndani. Tezi hizi zinatakiwa ziwe ndogo kama punje za choroko. Zako ni kama mayai ya kuku, na zimeuzunguka mshipa mkubwa wa damu."

Nilimuuliza kama kaka aliambiwa. Akasema aliambiwa yote, tena kwa kurudiwa. Kwamba inafanana na saratani ya tezi inayoitwa limfoma. Kwamba Mwanza wangetoa kinyama kwa sindano ili wahakikishe. Kwamba saratani hii ni moja ya zile ambazo mara nyingi husikia dawa, mgonjwa akiwahi. Kaka aliitikia kila neno, akaomba aachiwe anieleze mwenyewe kwa Kisukuma, taratibu, nisije nikaogopa. Baadaye hospitali ilimpigia simu kuuliza tumefikia wapi. Akawajibu kwamba tuko Mwanza tayari, na kwamba naendelea vizuri.

Watu wakisikia habari hii hudhani kwamba hapo nilifikiria kifo. Nilimfikiria mbuzi. Nilifikiria ini nililopakuliwa, na kile kiti, na mikono ya shangazi, na watoto walioambiwa waniangalie vizuri. Walikuwa wamekuja kuniaga. Waliniaga mimi nikiwa nimekaa katikati yao natafuna, nisijue, na kila aliyenitazama alikuwa ananiona nimekwisha kwenda.

Walinipiga picha nyingine siku hiyohiyo. Daktari alitaka nipande gari la Mwanza bila kuchelewa, mimi nikaomba nipite nyumbani kwanza. Nadhani nilitaka kaka aniambie kwamba daktari amekosea.

Kaka alikuwa amerudi, anawafungua ng'ombe nira. Mama alikuwa amekaa kando, anaondoa majani kwenye pamba iliyobaki. Nilisimama mbele yao.

"Bandama yangu ni nzima," nikasema.

Kaka alibaki na kamba mkononi. Ng'ombe alikwishafunguliwa lakini hakuondoka, akawa anatuangalia. Kisha kaka akakaa kwenye mti wa mkokoteni, akaanza kueleza, na alieleza sana. Alisema habari za baba, jinsi tumbo lake lilivyopasuliwa hospitalini, jinsi alivyolia akiomba arudishwe nyumbani huku mipira imemtoka kila mahali, na jinsi alivyorudi ndani ya sanduku. Kaka peke yake ndiye aliyekuwa naye. Alisema saratani ikishaonekana kwenye picha imekwisha kumaliza kazi yake, kinachobaki ni mtu akae kwake, ale, aone watu wake. Alisema angeniambia ningekufa kwa hofu kabla ya ugonjwa.

"Nilitaka ukae na furaha, mdogo wangu."

"Ulitaka nife kimya," nikasema.

Sikuwahi kumjibu hivyo tangu nizaliwe. Nikamgeukia mama. "Na wewe, mayu? Ulijua?"

Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutoa majani kwenye pamba. Baadaye akasema kaka ndiye mkubwa, na yeye angefanya nini. Kila asubuhi alikuwa akifua mashati yangu yenye jasho, akiyakunguta na kuyaanika kwenye ua wa minyaa, na alijua jasho lile ni la nini. Kwa kaka naweza kutafuta sababu, maana yeye alimwona baba. Kwa mama nimetafuta sijaipata.

Sikuwauliza wengine. Mtu hawezi kuuliza ukoo mzima. Ila la binti nilikuja kulijua bila kuuliza. Wakati ule wa mbuzi, kaka alivuka mbuga, akawaambia wazazi wa binti kwa adabu kwamba wasinisubiri. Yeye ndiye aliyeniposea, na yeye ndiye aliyeuvunja uchumba. Nilipopata habari, binti alikuwa amekwisha kutolewa mahari na watu wengine.

Mwanza nilikwenda na kaka. Nisingeweza kwenda peke yangu, nilikuwa sisimami vizuri, na mwingine hakuwepo. Kinyama kilitolewa, ikathibitika kuwa ni limfoma, nikaanza dripu za dawa ya saratani. Lazima niseme kwamba kaka alinihudumia. Alimwaga matapishi yangu, alininywesha uji, alilala chini kwenye mkeka nje ya wodi. Nywele zangu ziliponyonyoka na yeye akanyoa zake. Wauguzi walimsifia, wakasema si kila mgonjwa ana ndugu wa namna hii. Mzee wa kitanda cha jirani akaniuliza kama anaweza kumwazima kaka hata kwa wiki moja, maana ndugu wa kwake wanakuja na machungwa, wanayala wenyewe, wanaondoka. Wodi nzima ikacheka. Kaka alicheka pia, akaniangalia kama nami nimecheka.

Nilikuwa namnyamazia. Ukimya wangu wa zamani ulikuwa wa haya, yeye aliujua na alizoea kuujaza. Huu hakuujua. Muuguzi akiuliza nimelalaje, kaka alifungua mdomo kwa mazoea, mimi nikawahi kujibu, hata kama nagugumia. Alijifunza kufunga mdomo. Nilimwona akijifunza, na sikumwonea huruma kama ilivyostahili.

Kati ya dripu na dripu nilikuwa narudi Kasoli. Nyumbani watu hawakujua wanifanyie nini. Walikwishaniaga. Nilipopita njiani walinisalimia mbiombio, wakaangalia majembe yao. Shangazi alituma samaki, mwenyewe hakuja. Dada alipiga simu akazungumza na mama tu. Katekista alinikuta kisimani akaanza kusema jambo kuhusu mapenzi ya Mungu, kisha akaona ni afadhali anisaidie kubeba ndoo. Nilitamani mmoja wao anitanie, aseme nyama ya mbuzi niirudishe. Ningemshukuru.

Dripu zilipofika nusu, Mwanza waliagiza picha ya kuangalia kama dawa inafanya kazi, wakaniruhusu nipigwe Bariadi kwa mashine ileile, ili zilinganishwe. Nilikunywa maji ya dawa, nikaweka mikono juu, nikapata lile joto na ladha ile ya chuma. Kijana wa mashine alisema safari hii amenisikia nikiguna, ataliweka kwenye habari za mkoa. Siku ya majibu niliingia, nikamwomba daktari anionyeshe picha zote tatu.

Aliziweka kwa pamoja kwenye kioo. Ya kwanza niliikumbuka, madonge yaliyozunguka mshipa, basi. Ya pili ilikuwa imejaa. Madonge yalikuwa yameungana yakawa kitu kimoja kikubwa kimeusukuma utumbo pembeni, bandama ilikuwa na madoa meusimeusi, na pale picha ilipoanzia, sehemu ya chini ya kifua, kulikuwa na tezi nyingine. Ya tatu ilikuwa na nafasi. Niliona mshipa wenyewe, wa duara, peke yake, na pembeni yake kitu kidogo kilichobaki. Madoa ya bandama yalikuwa hayaonekani.

Daktari alisema uvimbe umepungua sana. Kile kilichobaki kinaweza kuwa kovu, kinaweza kuwa ugonjwa, picha hii haiwezi kusema, kwa hiyo naendelea na dripu kisha tutaangalia tena. Alisema anafurahi. Nami nilifurahi, ila nilikuwa na swali, na nilikuwa nimelibeba tangu Mwanza.

"Ningeanza dawa baada ya picha ya kwanza, ingekuwaje?"

Aliweka kalamu mezani. Akasema asingependa kunidanganya. Mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa sehemu moja. Mara ya pili ulikuwa umetoka hapo, na ndiyo maana dripu zimekuwa nyingi, na ndiyo maana uwezekano wa kurudi ni mkubwa zaidi kuliko ambavyo ungekuwa. Kiasi gani, hawezi kunipimia. Nikamshukuru. Alikuwa mtu wa kwanza kunipa kitu kikiwa na uzito wake wote.

Kaka alikuwa kwenye benchi. Alisimama, akasubiri nianze mimi. Nikamweleza picha ya tatu, akafunga macho, akataja jina la Mungu. Kisha akauliza, polepole, kama kule kuchelewa kulileta madhara.

Ningeweza kumwonea huruma. Jibu la kumpoza lilikuwepo, fupi, naye angelichukua akalale nalo. Nikamweleza picha ya pili kama nilivyoonyeshwa, madonge, utumbo, bandama, na tezi za kifuani. Nikamweleza na maneno ya daktari kuhusu kurudi kwa ugonjwa. Sikupunguza wala sikuongeza. Watu walikuwa wanapita kati yetu na karatasi zao.

Alikaa tena kwenye benchi. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema.

"Nimekusikia," nikamwambia.

Nikaenda dirishani mwenyewe, nikauliza tarehe ya kurudi.